Waulize

Jina lake nilimpa kwa hasira.
Mwaka ule pongo wangu alikula risasi ya tumbo,
akaingia vichaka vya Mwera, jua likazama naye.
Nilimkuta siku ya pili, kavimba,
nzi wameshamaliza kugawana.
Nikamzika kwa jembe, peke yangu.
Lakini Mngoya, jirani yangu wa mpaka wa mihogo,
akanena sokoni kwamba nimeuza kibudu,
na salamu zangu zikawa zinajibiwa nusunusu.

Basi nilipopata kijibwa, jike, sikio moja limelala,
nikamwita Waulize.
Kila jioni nasimama mpakani: Waulize! Waulize!
Na dirisha la Mngoya linafungwa.

Shule yake ilikuwa shamba la mkonge lililotelekezwa.
Damu nilipewa na Shekivuli wa buchani,
ndani ya chupa ya asali, chumvi kidogo isigande.
Kitambaa kwenye ncha ya fimbo:
tone, hatua tatu, tone.
Kwato nimezifunga nyuma yangu, naziburura,
na mwisho wa njia kipande cha ngozi, chini yake ini.

Wiki ya kwanza, njia ya saa moja.
Wiki ya nne, njia iliyolala nje, umande juu yake.
Mwezi wa tatu nikaacha mvua iipige kwanza;
sijui nilikuwa namjaribu yeye au Mungu.
Kamba ya katani, pima sita, nimeisokota mwenyewe.
Akiharakisha, namzuia. Akisita, nasita.
Kanga wakiruka, asigeuke.
Ngedere wakimtukana, asijibu.
Akijibu, tunarudi kwenye tone la mwisho,
bila kofi, bila neno, tunaanza.

Siku moja, kwenye njia niliyoitandika kwa mkono wangu,
akavuta kushoto, nami najua ni kulia.
Nikamvuta. Akakaa chini.
Nikamvuta tena. Akanitazama
kama karani anavyomtazama mtu
aliyeleta fomu ya ofisi nyingine.
Ndipo nikakumbuka: mstari wa tisa
chupa ilinidondoka, nikazunguka kuifuata, kushoto.
Tangu hapo mkono wangu umejifunza kunyamaza.

Jioni mama ananisimamia kwenye ndoo:
mara saba, ya kwanza kwa udongo.
Waulize ameketi mbali, kwa adabu,
kichwa kinapanda, kinashuka, kama anayehesabu.

Alfajiri ya Jumanne, hodi.
Mngoya. Gobori begani,
kibali mkononi kana kwamba mimi ni polisi.
"Nimempiga pongo, mihogoni, jana magharibi.
Kaondoka na damu."
Nikangoja.
"Niazime yule mbwa."
Yupi?
"Huyo hapo."
Ana jina.
Akautazama mpaka wetu, akautazama sana,
kisha, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni:
"Waulize."
Mkia ukapiga ukuta.

Damu ya kwanza ilikuwa na majani ndani yake.
Tumbo. Kama yangu.
Baada ya kijito hapakuwa na damu kabisa,
mimi na Mngoya tukawa vipofu wawili
tunaoshikilia kamba moja.
Yeye pua chini, anauliza ukoka, anauliza jiwe,
anarudi kuuliza mara ya pili, hana haraka,
hadi chini ya mchongoma akasimama,
mguu mmoja hewani.

Kichwa cha pongo kilikuwa bado juu.
Macho yake yalitujua.
Kisu cha Mngoya kilitetemeka, nikampa changu.
Tukamwelekeza kibla. Bismillahi.
Damu ikaruka, ya moto, ikatulowesha viganja,
na hakuna aliyesema kitu.
Yeye akashika miguu ya nyuma, mimi ya mbele.
Msamaha hakuomba. Nami sikumdai.

Buchani, Shekivuli akainua paja, akalinusa.
"Mlimuwahi, au ndiyo mambo ya mwaka ule?"
Watu wakageuka.
Mngoya akatuonyesha kwa kidevu,
mimi, na aliyelala chini ya meza.
"Waulize," akasema.
Naye, kwa kusikia ameitwa,
akainuka.