Lori la Taka Huja na Muziki

Wiki ya kwanza tulidhani ni muuza aiskrimu.
Saa moja na nusu usiku, chini ya ghorofa yetu ya tano
(ni ya nne, ila lifti za huku huiruka nne,
maana nne na kifo hutamkwa kwa jirani mno),
kinanda kikapita mtaani kikijirudia, kikijirudia,
ukasema, "Ngoja nishuke nikakununulie ya ndimu."

Ukarudi mikono mitupu, unachekea puani:
"Anahí, ni lori la taka!
Watu wamepanga foleni na mifuko yao
kama waendao kupokea komunyo."

Mtaa wetu wa Tainan hauna pipa hata moja.
Hatukujua. Hatukujua mengi.

Wewe ulikuwa na kiwanda,
saa kumi na mbili ndani ya vazi jeupe hadi utosini,
wenzako wakikuita Na-wei
kwa kuwa Nahuel liliwakwama kooni.
Mimi nilikuwa na jiko la moto mmoja,
dirisha linalotazama dirisha,
na daftari.

Asubuhi moja nikaenda sokoni kununua mayai.
Kununua na kuuza, kwao, ni neno lile lile:
sauti ikizama kisha ikaibuka, umenunua;
ikianguka moja kwa moja, umeuza.
Basi nikasimama mbele ya mama wa watu,
trei zake thelathini zimempanda hadi mabegani,
nikamtangazia kwa adabu zote
kwamba nauza mayai.
Akanitazama mikono. Akachungulia kikapu changu.
Akauliza kitu kifupi.
Nilikielewa saa nane za usiku, nimelala chali:
"Yako wapi?"

Nilitaka kukuamsha nikuchekeshe.
Sikukuamsha. Mwezi ule hatukuwa tukiamshana.

Ndio mwezi kibuyu chetu cha mate
kilipoota ukungu, manyoya ya kijani kama panya mchanga,
na majani tuliyobeba toka Paysandú yakaisha,
na mvua ikanyesha siku tisa bila kumeza mate,
na ukasema, au nikasema mimi,
"Wewe ndiye uliyetaka kuja."

Baada ya hapo hakuna aliyeshusha taka.
Nilingoja ushuke. Ulingoja nishuke.
Kila usiku kinanda kilikuja, kikasimama, kikaondoka,
nasi tumekaa mezani kama viziwi wawili,
na kule kibarazani mifuko ikafika kumi na mmoja
na nzi wakatupangia zamu.

Mlango uligongwa siku ya Alhamisi.
Bi Hsiu-chin, wa mlango wa pili,
ambaye hadi hapo tulikuwa tukipeana vichwa tu kwenye lifti,
alikuwa amejibana pua kwa vidole viwili
na macho yanamcheka.
Hakusubiri karibu. Akavua viatu, akapita hadi kibarazani,
akaifungua mifuko yetu mmoja mmoja
(aibu yetu yote sakafuni, Nahuel, hadi makaratasi ya dawa)
akaanza kufundisha kwa mikono:
makombo yaliyopikwa, nguruwe, akakoroma kama nguruwe;
maganda mabichi, shamba; chupa, kule;
Jumatano na Jumapili, hapana, hapana, halipiti.

Kisha kinanda.
Sijawahi kukimbia vile tangu shule.
Sisi watatu kwenye ngazi, mifuko ikitugonga magoti,
na chini, foleni nzima ikageuka kututazama.
Bi Hsiu-chin akaninyooshea kidole, akawaambia neno,
nami nikalisikia vizuri, likianguka moja kwa moja:
*Huyu ndiye anayeuza mayai.*

Kumbe soko zima lilikuwa na habari.
Wakacheka hadi dereva akacheka.
Ukanigeukia: "Mayai gani?"
Nikakusimulia palepale, mikono inanuka,
na ukacheka kile kicheko chako cha Paysandú
ambacho nilidhani kimebaki forodhani.

Kibuyu tulikitupa siku hiyohiyo. Tulibishana kidogo
kama ni mbolea au nguruwe.

Jana nilikuwa na povu kichwani nikakisikia.
Ukapiga kelele toka jikoni, "Limefika kwenye duka la chai!"
ukatoka mbio, mfuko begani,
kandambili moja yako,
moja yangu.