Ukungu Chupani

Chupa ishirini na tatu dirishani,
na hakuna hata moja inayouonyesha mlima Maljen ng'ambo.
Jana rakia ilitoka kwenye bomba la shaba
angavu kama jicho la jogoo.
Leo ni maji yaliyooshewa mchele,
na Jumamosi ni arobaini ya Miladin.

Jirani Tiosav anaingia, haketi.
"Ulichelewa kukata mkia," anasema.
"Haba na haba hujaza kibaba, Vukosava,
lakini haba za mwisho ni mafuta matupu."

Mume wangu alikata kwa pua.
Mimi nilikata kwa saa ya ukutani,
na saa ile, tangu azikwe,
huchelewa dakika saba.

Nachukua chupa moja, naibana kwapani
kama kipimajoto.
Ukungu wa mafuta huyeyuka ukipata joto.
Nahesabu hadi mia tatu. Natazama.
Uko palepale, umetulia
kama mgeni aliyekuja na mizigo.

Basi si mkia. Tiosav anakuna sikio.
"Maji ya kuzimulia ulichota wapi?"
Kisimani. Wapi tena?
Yaleyale yanayoacha ganda jeupe ndani ya birika,
ninalolikwangua kila mwezi kwa siki na matusi.

Ananyamaza.
Ndipo naikumbuka ndoo ya bati chini ya mchirizi,
niliyomfokea aiondoe miaka thelathini na mmoja:
inazaa mbu, Miladin, ina kutu,
inatuaibisha mbele ya wageni!
Alicheka tu. Hakunieleza.
Labda alidhani najua.
Labda kila mtu huondoka na jambo moja dogo
alilodhani mwenzake analijua.

Ndoo niliitupa siku ya tatu baada ya mazishi.

Usiku mvua inaishukia miplamu iliyokwisha vuliwa.
Natoa sufuria, karai, beseni la nguo,
hata bakuli la mbwa.
Nasimama mlangoni na shali kichwani
nikisikiliza kila chombo kikijaa kwa sauti yake.

Asubuhi narudisha chupa ishirini na mbili mtamboni,
moto mdogo, bila pupa,
na safari hii nakata kwa pua.

Ya ishirini na tatu naiacha na chokaa yake.
Tiosav anauliza nimemwekea nani.

Mtu mmoja hivi, namwambia.
Alikuwa hasemi.