Milimita Nne

Kalipa haina aibu, ndiyo maana siipendi asubuhi.
Naibana shingoni mwa mhimili, pale unapopenya jiwe la chini.
Naandika ukutani kwa chaki:
zimepungua milimita nne.

Nje ni Machi ya Cumbria, mvua hainyeshi wala haiachi.
Kijito kimefungiwa lango, kinanung'unika nyuma ya mbao.
Gurudumu limesimama tangu mwaka aliozaliwa Enid,
na Enid Braithwaite mwakani anatimiza sabini.

Wiki tatu tunavua kutu.
Mafuta ya taa, brashi ya waya, tupa, msasa,
na matusi madogo ya Kiswahili
ambayo Enid ameanza kuyatambua kwa lafudhi.
Meno ya gia kubwa yameliwa upande mmoja
kama ya mtu aliyetafunia shavu moja maisha yake yote.
Msalaba unaobeba jiwe la juu
(kwetu tungeliita mwana, la chini mama)
ulishikwa kwa risasi ya kale.
Tuliiyeyusha. Iling'aa kama kitu cha jana.

Chini ya kikombe cha shaba tulikuta sarafu,
imepondwa, malkia amefutika, imebaki pua.
Siku hiyo magunia yalisubiri, kipuri hakuna,
mtu akatia mkono mfukoni
akaliinua jiwe kwa unene wa peni.
Jina lake silijui. Yeye namjua.

Na zile milimita nne?
Enid anapuliza chai. "Babu alisaga, kijiji kikala."
Basi zimeliwa. Nyingine zilikwenda na grisi, sawa,
lakini nyingine zilishuka na unga, vumbi kwa vumbi,
zikapita katika damu ya wakunga na wachunga kondoo,
na sasa zimelala pale kanisani, chini ya majani mabichi.

Mimi daktari wa Penrith kaniambia
damu yangu ina upungufu wa chuma.
Nilicheka hadi akaweka kalamu chini.
Miaka kumi na tisa nakereza chuma,
tangu karakana ya reli, Tabora;
nakinusa hadi kwenye foronya,
na bado hakinitoshi.

Leo najaza. Tone juu ya tone, Enid ameshika taa,
kisha mashine ya kukereza inazunguka,
nyuzi za buluu zinajikunja, zinaangukia buti.
Nakereza mpaka kalipa inyamaze.
Meno je, anauliza, tusiyachonge upya, wageni waone?
Nakataa. Yameliwa pamoja, yanajuana.
Sarafu nairudisha ilipokuwa, pua juu.

Jumamosi tulifungua lango.
Jengo zima lilikohoa, likatikisika, likakubali.
Unga wa kwanza, alisema Enid, una mchanga na vyuma,
huo ni wa kumwaga.
Akageuka kutafuta ndoo.
Nilichota ngumi moja, ungali wa moto,
nikautia mdomoni.