Mgongo wa Chaki

Nilirekodi masomo arobaini ya kemia
chumbani kwangu Soweto, hapa Moshi,
godoro nimelisimamisha dirishani
pikipiki zisije zikaingia kwenye asidi.
Elfu tano kidato kizima. Kuku ni ghali zaidi.

Na kwa kuwa mtego hutegwa kimya,
kila nakala niliipa alama yake:
somo la kumi na mbili, baada ya "chumvi na maji",
naugonga ubao kwa mgongo wa chaki.
Mara mbili, nakala ya Kimambo.
Mara tano, ya masista wa hosteli.
Tulijua wawili tu, mimi na chaki.

Juzi Kiboriloni, penye mitumba,
nikasikia sauti yangu inatoka chini ya rundo la sweta.
Kijana anapanga bei, mimi napanga elektroni
ndani ya simu yake yenye ufa.
"Hii umeinunua wapi?"
"Hainunuliwi, mzee, inachotwa.
Huyu ana kipande, yule ana kipande,
usiku simu zinaazimana zenyewe,
kukikucha somo limetimia."

Mia mbili wameubeba mkungu,
hakuna hata mmoja aliyekata mgomba.

Nikasimama palepale, nikahesabu.
Ko, ko, ko.
Saba.

Ya saba sikuuza.
Nilimpa Ndekusara, mama yake anauza magimbi Mbuyuni,
nikamnong'oneza, "Usimpe mtu,"
kana kwamba bure ina mlango na kitasa.

Kwetu Mbokomu maji ya mfongo
hayana mwenyewe, lakini yana zamu,
na siku ya kuzibua, asiyekuja na jembe
hutozwa debe la mbege mbele za watu.
Baba alitozwa mara moja. Hakurudia.
Hicho ndicho ninachokitafuta, sikioni.
Kufuli nilifunga; lilifunguliwa
na mtoto wa darasa la sita, kwa kidole gumba.
Siku ya majembe je, ataitangaza nani?

"Somo la kumi na tatu lina kosa," nikamwambia.
"Chuma nilikipa valensi mbili tu, na tatu ipo.
Ninalo lililosahihishwa. Wapelekee wote."

Akanitazama, akaitazama simu,
akaijua sauti.
Akachomoa sweta la kijani kutoka katikati ya rundo,
hakutaja bei.

Lina tundu kwenye kiwiko.
Nimelivaa, narekodi la arobaini na moja.