Mizani ya Manda

Kazi yangu ni kupima mizigo ya watu.
Kilo kumi na tano kila abiria, zinazozidi hulipiwa.
Mkoba wa Lali, ndugu yangu, ulisoma kumi na nane na nusu:
halwa, kashata za mama, kanzu mbili,
na kisu alichokataa kukiacha
ingawa huko aendako visu vimejaa kiwanda kizima.
Nikaandika kumi na tano.
Ndio wizi wangu wa pekee.

Amekwenda Sao Paulo kuchinja kuku.
Wanunuzi wa Uarabuni wataka bismillahi kwa kila shingo,
basi ikaja kutafutwa hata Amu.

Nimepima kwa uzi, juu ya tufe la shule la mwanangu.
Toka uwanja huu mpaka wa Guarulhos
ni kilomita elfu tisa na mia sita na ushei.
Ndege ikinyooka kama uzi, saa kumi na moja na nusu:
ukiondoka baada ya sala ya alfajiri
unatua kabla magharibi haijaadhiniwa kwetu.
Lakini hakuna ndege iliyonyooka.
Kuna Nairobi, na kungoja.
Kuna Addis Ababa, na kungoja,
na afisa akuulizaye mara tatu jina la babu yako.
Lali alitumia saa thelathini na moja,
na kabla ya hizo, miezi saba ya pasipoti.
Miezi hiyo kwenye tufe haimo.

Mama hataki kusikia kilomita.
Swali lake ni moja, kila akitaka kumpigia:
"Sasa kwake ni saa ngapi?"
Nikaanza: wako nyuma yetu saa sita, mama, toa sita...
kidole kikaganda hewani.
Kwani sisi hatutoi sita kila siku?
Simu imeandika nane, ulimi wangu wasema mbili.
(Mtalii mmoja aliambiwa ndege ni saa nne,
akaja saa kumi, na kofia yake, uwanja mtupu.)
Na ukutani kwa Lali, dakika hiyo hiyo,
mshale uko juu ya mbili.
Kwake usiku wa manane, kwetu jua, tarakimu moja.

"Taja saa yako," nikamwambia, "ndiyo yake."
Akafikiri. "Kumbe aliitia mkobani."
Zile kilo tatu na nusu, nikajisemea.

Ijumaa Lali alipiga:
huku kibla ni mashariki, nikisujudu naelekea kwenu.
Sisi kibla yetu ni kaskazini.
Yeye yuko ubavuni, mkono wa kushoto.

Jana nilimwona mama akimaliza isha.
Salamu ya kulia aliitoa upesi.
Ya kushoto ilikawia,
shingo imegeuka, macho kwenye chokaa ya ukuta.
Kwa mazoea ya kazi nikaanza kuhesabu,
kisha nikaacha.