Tundu la Kuchungulia

Mkesha wa mwaka mpya wa mwezi, Tai Po.
Majiko ya mji yamewashwa kwa mpigo mmoja
na sindano ya shinikizo inashuka kama kope za mwenye usingizi.
Fung Lai-sheung anavaa miwani ya buluu,
anafungua tundu la tanuri, upana wa kiganja,
anasogeza jicho pale uso unapokataa kwenda.

Mabomba yananing'inia safu kwa safu, rangi ya chungwa lililoiva.
Matumbo yao yamejaa vipete vya nikeli,
vya kijivu, visivyo na sura ya kukumbukwa.
Nafta hushuka humo imeshikana mikono na mvuke.

"Nikeli ni mshenga," alimfundisha Hoi-lam wiki ya kwanza.
"Huwaleta wawili wasiotazamana,
huwafungia mlango, karamu haonji.
Maji huachia oksijeni, mafuta huachia kaboni,
hidrojeni hutoka mbio bila kuaga.
Yeye hubaki palepale, hajaoa wala hajapungua."
Kisha akacheka: "Ndivyo visemavyo vitabu.
Mwonjeshe salfa kidogo tu, uone anavyozimia."

Leo bomba la sabini na tatu limevaa madoa ya chui.

Anafunga tundu. Hapazi sauti.
"Nani amebana mvuke?"
Hoi-lam anatazama viatu vyake.
Mji ulitaka gesi zaidi, akaongeza nafta,
akapunguza kile alichoona ni maji tu.
"Maji tu," anarudia Lai-sheung,
mkono wake umeshafika kwenye valvu.
"Ukiunyima mvuke nafasi, kaboni hukaa kitako,
masizi humkaba mshenga koo,
na bomba hupasuka kabla hujamwita mama yako."

Mama yake yuko Sha Tin, ghorofa ya kumi na tisa,
anapika samaki mzima kwa mvuke, kichwa na mkia,
na mwali chini ya sufuria umesimama wima.
Neno nafta hajalisikia.
Anachojua ni kukata tangawizi nyembamba kama uzi.

Saa sita kasoro robo. Tundu tena, jicho tena.
Doa moja limefifia. La pili bado linabisha.
"Subiri," anasema. Nyusi zake zinanuka kuungua.
Hoi-lam anaandika namba daftarini, anafuta, anaandika upya.

Saa saba wanakula kwa zamu, wali wa baridi ndani ya mkebe:
kiberiti, hata kijiti kimoja,
huachwa langoni kwa mlinzi.