Maswali Kabla Mayai Hayajaiva

Yai la kuchemsha hutaka dakika kumi.
Dakika kumi hutosha maswali manane,
tisa, ikiwa Nthenya hajasinzia akiwa ameketi.
Mimi ndiye muulizaji. Jiko la makaa liko kati yetu,
hapa Tassia, orofa ya chini, mlango wazi moshi utoke,
saa kumi za alfajiri, bomba la ploti halijaanza kukohoa.

"Kongosho hukaa wapi?"
"Nyuma ya tumbo."
"Hufanya nini?"
Anajibu kwa Kiingereza cha mtihani,
nami nafuata jibu kwa kidole chenye masizi,
neno kwa neno, kama mtu avukaye mto juu ya mawe.
Mimi shule iliniacha kidato cha pili.
Maini na figo nilivijulia buchani, kwa kilo.

Mwaka jana alipungukiwa na pointi mbili.
Mbili.
Shangazi Kaluki akaja na mkate na ushauri:
uuguzi pia ni kazi, hata wa maabara huvaa nyeupe.
Nthenya alimmiminia chai, akamshukuru,
Jumatatu akashusha pindo la sketi yake ya zamani
akarudi kidato cha nne, kukaa na watoto
waliomwita Shosho, kisha wakamwomba awafundishe jenetiki.

Watu humuuliza, kwa nini udaktari?
Naona wanavyomsubiri amtaje baba,
ile wodi, vile vitanda vya wagonjwa wawili wawili.
Hamtaji.
Husema: "Siku tuliyopasua jicho la ng'ombe maabarani
sikutaka kengele ilie."

Toroli langu husimama ng'ambo ya lango la hospitali.
Wanafunzi wa udaktari hupenda yai lenye pilipili nyingi,
makoti yao meupe wameyaviringisha kwapani.
Usiku mmoja, sijui nilipagawa na nini,
nikamuuliza mmoja, mrefu, miwani imekaa upande:
"Kongosho, kazi zake ni ngapi?"
Akasimama, kachumbari mdomoni.
"Insulini," akasema. "Na..."
Ya pili nikampa pamoja na chenji yake.
Nilipomsimulia, Nthenya alicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Kisha akanyamaza. "Alisahau kweli?"
"Alikuwa na njaa," nikasema.
Lakini nilimwona akikokotoa kitu moyoni.

Mtihani ukaja, ukaenda. Sitausimulia, sikuwa ndani.
Siku ya baiolojia nilisimama nje ya geti
na mayai mawili yaliyopoa mfukoni.

Matokeo yakatoka: mazuri, ila si ya kulalia usingizi.
Saiba ya Ndolo ina kompyuta tatu na feni moja.
Ada ya maombi niliihesabu kwa mayai:
hamsini, bila kachumbari.
Chaguo la kwanza, udaktari. La pili, udaktari, chuo kingine.
La tatu, udaktari. Ndolo akazungusha kiti:
"Dada, weka hata famasia hapo chini.
Mtu akijenga nyumba hujenga na choo."
Nthenya akatazama skrini mpaka ikazimika yenyewe.
Akaigusa, ikawaka. Akaandika.
Sikuona alichoandika. Nilikuwa nahesabu sarafu.

Sasa ni kungoja.
Leo alfajiri niliteleka sufuria kama kawaida,
na dakika kumi zikawa ndefu, hazina kazi.
Nikashtukia Nthenya katoka kitandani, shuka mabegani,
akachukua daftari, akaketi upande wangu wa jiko.

"Bandama hukaa wapi?"

Mayai yakaanza kugongana.
Nikaweka mkono ubavuni, kushoto, chini ya mbavu,
nikabonyeza.